Gunzi Kwenye Bomba la Tangi

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo mtaani Mwisenge kulikuwa na mawingu mepesi, na upepo wa ziwani uliwafanya watu wavae masweta. Ursula, mwanafunzi wa darasa la sita, alisali, akachukua ndoo na kupanda ngazi hadi chumba cha tangi la maji ya moto.

Aliishi hapo na shangazi yake, Selestina, msimamizi wa hosteli hiyo ya kanisa. Kila Jumamosi Ursula alifungua koki ya chini ya tangi na kumwaga maji mpaka tope liishe. Leo alisita mlangoni. Tangi lilikuwa likiguna, na maji yalichuruzika kwenye maungio.

"Shangazi! Njoo uone!"

Selestina alikuja mbio, akampigia simu fundi Magige. Jioni hiyo kwaya ya akina bibi kutoka Bunda ingekuja kulala hapo.

Fundi alifika, akazima umeme wa tangi, akalikagua, akatikisa kichwa. "Mama, huenda limechoka. Tukilazimisha linaweza kupasuka."

"Na wazee wale, na baridi hii? Basi niwaambie wasije." Selestina akatoa simu.

Gody, binamu yake Ursula, akacheka. "Mtunza tangi, umeliua! Utarudi kijijini Mugeta ukachunge ng'ombe."

Ursula alikumbuka kitu. Nyuma ya bafu, penye migomba, palikuwa na bomba dogo lililotoka kwenye tangi. Maji yalipopata moto, lilidondosha matone. Kwao Mugeta maji hufuatwa mbali lamboni, na dumu lisilo na kifuniko huzibwa kwa gunzi la mahindi. Wiki iliyopita alishindwa kuvumilia kuona maji yakipotea. Akatafuta gunzi, akalipigilia ndani ya bomba kwa jiwe, akajiona mwerevu sana.

Akisema, huenda kweli akarudishwa. Asiposema, mtu angeweza kuliwasha tangi tena, likapasuka. "Mungu wangu, nipe kinywa," alinong'ona.

"Shangazi, usipige simu. Mimi niliziba lile bomba la nyuma. Kwa gunzi."

"Gunzi?" Fundi alikodoa macho. "Gunzi la mahindi?"

"Ndiyo, baba. Nyumbani tunazibaga madumu hivyo."

Magige alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akawa makini. "Mwanangu, maji yakipata moto yanavimba. Yale matone yanatoka kwenye vali ya usalama. Ndiyo pumzi ya tangi. Wewe umeliziba pua!"

Ursula alitaka kukimbilia bombani, fundi akamzuia asije akaungua. Walisubiri tangi lipoe. Fundi akafunga maji ya kuingia, akafungua koki ya chini, ndipo akaling'oa gunzi kwa koleo. Lilikuwa limelowa na kuvimba.

Ursula na Gody walibeba ndoo baada ya ndoo. Kwanza lilitoka tope, kisha magamba meupe ya chumvi, mwishowe maji safi. Magige alikaza maungio, akajaza tangi, akainua kishikio cha vali. Maji yakaruka nje kwa nguvu. Alipokiachia, yakakatika.

"Tangi zima hili!" akasema. Gody akapiga mbinja.

Jioni akina bibi walifika. Bibi Flora, mkubwa wao, alitoka bafuni amejifunga khanga, uso unang'aa. "Maji moto hasa! Bwana asifiwe!" Vigelegele vikajaa hosteli nzima. Kule nyuma, bomba dogo lilidondosha matone yake, na Ursula akayatazama kwa furaha.

Baada ya chakula Selestina aliwaeleza wageni yaliyotokea, akamshika Ursula bega. "Kutunza kitu si kumwaga tope tu. Jua kila sehemu ina kazi gani kabla hujaigusa. Na ukikosea, sema mapema. Huyu angenyamaza, leo tusingekuwa na maji wala amani. Haendi Mugeta. Tangi bado ni lake."

Ursula alisimama katikati ya kwaya.

"Mbele ya Mungu, shangazi na bibi zangu wote, naahidi: kila Jumamosi nitamwaga tope na kuliangalia lile bomba kama linapumua. Na sitaziba kitu chochote kabla ya kuuliza."