Mfupa Ulioota Nyama

Mfupa mkavu hauna cha kumpa nzi. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua, na Madam Zipora, mwalimu wa Kiingereza wa Kidato cha Pili, alikuwa na shahada nzima. Kwa hiyo Jumatatu ile, alipoona nzi watatu wa kijani wametua kwenye mfupa uliokuwa shingoni mwa mwanafunzi wa dawati la mbele, alijua kabisa kwamba jambo lile si la kawaida. Akalipita. Alikuwa na madaftari arobaini na nane ya kusahihisha.

Mfupa wenyewe ulikuwa wa sheria. Katika sekondari ile ya kata, si mbali na Ushirombo, Kiswahili kilivumiliwa nje ya darasa, lakini Kisukuma hakikuvumiliwa popote. Aliyesikika akikiongea alivishwa kibao shingoni, akalala nacho na kuamka nacho, mpaka naye amnase mwenzake, amwambie kwa Kiingereza kwamba nimekusikia, amvishe. Sheria hiyo aliitunga Madam Zipora mwenyewe, na aliipenda kama wengine wanavyopenda watoto wao. Wanafunzi wakakichoma kibao kwenye jiko la makande, na nani awalaumu? Wiki hiyohiyo wavulana waliokuwa wakichimba shimo la choo nyuma ya bweni la wasichana wakafukua mfupa wa urefu wa kidole, mweupe, laini, wenye tundu tayari. Madam akauosha kwa sabuni ya unga, akapitisha kamba ya katani.

"Huu hauungui upesi," aliwaambia.

Mtu aliyekulia machimboni angejiuliza kwanza nani alitoboa lile tundu. Madam Zipora alikuwa wa Kagongwa, mtoto wa wakulima wa mpunga, na tangu apate shahada alikuwa hodari wa kutojiuliza mambo. Mama Coletha, mpishi wa shule na mjane wa mchimbaji, alimfuata mlangoni mwa ofisi huku akijifuta mikono kwenye kanga.

"Madam, mfupa wenye tundu hauokotwi."

"Kwa nini, Mama Coletha?"

"Hauokotwi tu. Pale mnapochimba choo palikuwa na duara la wachimbaji, walilifukia wakati marehemu mume wangu yu hai. Shimo la dhahabu likifukiwa, kuna kinachofukiwa nalo."

Madam akamwambia makande yalikuwa hayana chumvi. Hayo ndiyo majibu ya watu waliosoma.

Wiki ya pili mambo yakawa mazuri, na uzuri huo ndio uliomfumba macho. Alitoa insha, kichwa chake "Nyumbani Kwetu", ukurasa mmoja. Kwa kawaida zoezi la namna hiyo lilimpa maumivu ya kichwa: watoto waliandika kwamba mama yao ni mrefu na ng'ombe wao ni wengi, wakaishia hapo. Safari hii wanafunzi kumi na mmoja waliandika Kiingereza safi kuliko chake. Mkuu wa shule, Mwalimu Magesa, alipitia harakaharaka insha mbili kwenye kikao, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema sheria ya Madam iigwe na masomo mengine.

Alisahihisha zilizobaki mchana huo ofisini, kama alivyozoea, akilamba kidole cha shahada kila anapofunua ukurasa. Kwenye daftari la tano ulimi wake ukakutana na ladha ya mafuta, mafuta ya nyama iliyosahaulika sufuriani siku nne, yakaganda kwenye meno yake yasitoke. Alitema kwenye kikapu cha taka. Akalinusa daftari, kisha lingine, akagundua kwamba kumi na moja yale yote yana alama za vidole zilizopenyeza karatasi hadi upande wa pili. Akazisoma insha zake sasa kwa makini. Zote zilikuwa insha moja. Nyumbani kwetu ni chini, ziliandika. Hakuna dirisha. Tuko saba, na mikono yetu imefungwa pamoja. Mwenyeji wetu hutula akianzia ulimi, kwa sababu ulimi ndio uliotuponza.

Alichukua orodha ya waliovaa mfupa. Walikuwa kumi na mmoja, walewale.

Kesho yake aliingia darasani akamwita aliyeuvaa siku hiyo, mvulana mpole aitwaye Pantaleo. Harufu ilimtangulia. Mfupa haukuwa mweupe tena: ulikuwa umevikwa utando wa waridi, wenye unyevu, wenye vimishipa, na pembezoni mwa tundu nyama changa ilikuwa imeanza kutuna na kukumbatia kamba. Madam alijiziba pua kwa kiganja. Akamwamuru Pantaleo afungue kinywa, na kijana akafungua kwa aibu. Fizi zilikuwa zimepauka, pumzi ilinuka bucha iliyofungwa kwa kukosa umeme, na ulimi, ambao kwa mtu wa miaka kumi na tano unapaswa kugusa meno, ulikuwa mfupi kama wa mtoto mchanga.

Lakini kuuvua, hakuuvua. Zilikuwa zimebaki wiki tatu mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili ufanyike, na alama zilikuwa zinapanda. Alijiambia ni ugonjwa wa kinywa, maji ya kisima, zebaki ya wachimbaji. Aibu ya jambo hilo alikuja kuijua baadaye, na ilimfaa.

Ijumaa, wakati wa uji, Vaileth alimwagikiwa kikombe mkononi. Vaileth ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani, msichana wa bweni asiyewahi kunaswa hata mara moja, mwenye ndoto ya kuwa muuguzi, na Madam alimpenda waziwazi bila kujali wengine wananung'unika. Uji ulipomchoma, msichana alilia neno moja tu la Kisukuma, analomwitia mama yake kila mtoto wa kwao.

"Mayu."

Pantaleo hakufungua mdomo. Wote waliokuwa kwenye foleni waliona midomo yake imefungwa. Sauti ilitoka kifuani mwake, kwenye mfupa, nzito, yenye mate, ikasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba imemsikia, na kabla mtu hajakimbia kamba ilikuwa shingoni mwa Vaileth.

Tangu saa ile shule nzima ikafunga midomo. Hakuna aliyethubutu kusema neno la Kisukuma, na kwa sababu hakuna aliyelisema, mfupa ulibaki palepale ulipokuwa. Madam alijaribu kuikata kamba kwa mkasi, mkasi ukateleza. Alijaribu kwa kisu cha Mama Coletha, na kila kisu kilipogusa katani ilikuwa ngozi ya Vaileth iliyotoka damu. Siku ya tano mfupa ulikuwa mnene kama mguu wa mbuzi, unatoa maji ya manjano yaliyolowanisha shati la shule, nzi wakitembea juu yake mpaka kwenye midomo ya msichana na kurudi, naye hawafukuzi. Aliandika mazoezi yake yote. Aliandika vizuri mno. Alipoulizwa swali darasani alijibu kwa mlio usio na herufi.

"Twende kwa Kalisti," Mama Coletha alisema. "Leo. Usiniambie habari ya chumvi."

Kalisti alikuwa mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na watu waliochimba walijua pia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiyafungua na kuyafunga maduara kwa uganga. Waliwasili na Vaileth mchana juani. Mzee alizima mashine, akapangusa vumbi jeupe usoni, akauangalia mfupa bila kuugusa, na uso wake ukakunjamana kwa kinyaa.

"Shikamoo, mzee," alisema Madam.

"Marahaba. Nani aliuokota?"

"Mimi."

"Ukaupa kazi gani?"

Alimweleza. Kalisti akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Mle duarani kulikuwa na miko. Usipige mluzi, usiingie na viatu, usitaje jina la mke. Anayevunja anavishwa huu, na anaachiwa jini wa shimo. Walienda saba. Tulipofunga duara tulimwacha jini mle bila mwiko, maana bila mwiko hana njia ya kula." Akamtazama Madam kuanzia viatu mpaka nywele. "Wewe umemfukua ukamtungia mwiko mpya. Tena umemchagulia neno ambalo kila mtu analo mdomoni tangu anyonye."

"Mwondoe, mzee. Nitafanya lolote."

"Haondoki kwa dawa. Auvae aliyetunga sheria. Akae nao tangu mwandamo hadi mwandamo, jini asisikie neno la Kisukuma hata moja. Atakauka. Lakini likisikika neno moja tu, basi, anaendelea na safari yake. Akishanenepa hahitaji mtu wa kumsemea, anasikia mwenyewe."

Madam Zipora alimgeukia Vaileth. Miaka kumi na mmoja alikuwa hajatamka lugha ya mama yake mbele ya mtu ila mama mwenyewe, na sasa maneno yalikuja yenyewe, yakiwa mazima. Alimsalimu msichana kama mkubwa anavyomsalimu binti wa nyumbani.

"Mwadila, mayu."

Kitu kile kilimjibu, na uzito wake ukahama ukatua shingoni mwa Madam, moto, ukiteleza, ukinuka, ukipiga polepole kama unapumua. Vaileth alianguka magotini akatapika, kisha akalia kwa sauti yake mwenyewe. Madam alifurahi. Ni kweli, alifurahi, hata na uvundo ule puani.

Mwezi ulipoandama alijifungia katika nyumba ya mwalimu. Aliziba madirisha kwa magodoro, masikio kwa pamba na nta, asije akasikia salamu akaijibu. Mama Coletha alimletea uji mlangoni, akagonga mara tatu mpaka mlango ukatikisika, akaondoka bila neno. Simu ilikuwa inaita kila jioni, na kila jioni ilikuwa ni mama yake kutoka Kagongwa, mwanamke wa miaka sabini asiyejua lugha nyingine yoyote ila Kisukuma, hata kusoma ujumbe hajui. Madam aliitazama ikimulika mpaka ikaacha. Siku ya kumi akaizima. Ulimi wake ulikuwa umefupika nusu, kila alichokula kilikuwa na ladha ya mafuta yaleyale, na usiku alihisi kitu kile kikimnyonya jasho la shingo kwa utaratibu wa ndama. Lakini siku ya ishirini nyama ilianza kusinyaa, siku ya ishirini na nne nzi wakaondoka, na siku ya ishirini na saba aliona kipande cheupe cha mfupa mtupu, akakaa sakafuni akacheka peke yake.

Zilikuwa zimebaki siku mbili alipoona mlango unatikisika. Hazikuwa zile hodi tatu. Mtu alikuwa anausukuma kwa bega, kwa hofu, kama anavyosukuma mzazi ambaye mwanawe hajapokea simu karibu mwezi mzima, aliyeuza debe la mpunga apate nauli, aliyeuliza njia kutoka stendi mpaka shuleni, na komeo likang'oka, na mwanga ukaingia, na mama yake akasimama kizingitini na kuku mkononi. Madam Zipora alimrukia amzibe mdomo. Hakuwahi. Kwenye masikio yake hakikuingia kitu, pamba ilikuwa bado imeshika; aliona tu midomo ya mama ikitamka salamu ya asubuhi, taratibu, kwa mapenzi, na akahisi kifuani mtetemo wa kitu kikijibu.

Mama hakujua Kiingereza. Alidhani amesalimiwa, akatabasamu kwa fahari kwa jinsi mwanawe alivyosoma. Kisha akaona kamba shingoni mwake mwenyewe, na kile kilichoning'inia, ambacho kilikuwa tena cheupe, kikavu, kizuri. Akakigeuza kwa vidole vyenye sugu.

Madam alizitoa pamba masikioni. Mama alikuwa anauliza kwa Kisukuma kama hii ndiyo zawadi yake, na kama anaweza kwenda nayo kijijini akawaonyeshe wenzake. Zipora alijaribu kumwambia hapana, na ulimi haukutosha.