Indiketa ya Mzee Waitara

Asubuhi ile ya mwaka 1975 karakana yetu pale Bomani ilijaa watu, na hakuna aliyeleta gari. Walikuja kushangaa nyumba yenye magurudumu: kitanda, jiko, pazia, vyote ndani ya gari moja. Mwenyewe, Mzungu mpole mwenye kaptura ya kusikitisha, alitaka Landrova yake ifungwe nyuma, aivute hadi Serengeti bila dereva.

"Mke mdogo anamfuata mke mkubwa," nikasema. Watu wakaangua kicheko. Kwa mdomo nilikuwa hodari. Mtaona ulinifikisha wapi.

Binamu yangu Nashoni, fundi mkuu, hakucheka. Alichomelea chuma cha pembe tatu mbele ya Landrova, akakiunga na lile gari-nyumba, akaongeza mnyororo wa tahadhari. Gia huru. Usukani huru. Betri akaing'oa, akaniambia niibebe. Taa za nyuma tu ndizo alizovutia waya kutoka gari kubwa.

Tukapanda wote kwenye gari-nyumba, ili tuiangalie kazi yetu njiani.

Njia ile Nashoni aliiogopa. Mwaka uliotangulia, watu walipohamishiwa vijijini, ndiye aliyeendesha lori lililomchukua Mzee Waitara. Mzee hakutaka kuyaacha makaburi ya baba zake. Nashoni akamkalisha mbele, akamfundisha kuwasha indiketa ili asahau uchungu. Waliposhuka mzee akamwambia, "Mura, kijana wangu, mvua ikiisha unirudishe nikafie kwetu. Ile taa nitaiwasha mwenyewe."

"Nitakuja, tata," Nashoni akajibu, akimwita baba kwa lugha ya kwetu.

Hakwenda. Kila wiki ilikuwa na sababu yake. Mzee akakaa kando ya barabara miezi minne, akisubiri. Nasi tukipita na lori, mimi ndiye niliyechungulia dirishani na kupaza sauti: "Shikamoo mzee! Gari lako limepata pancha?" Lori zima lilicheka. Alifia palepale alipokaa. Wakamzika kijiji kipya.

Sasa tulikuwa tunapita hapo.

Gari likawa zito. Mzungu akashusha gia. "Nyinyi mmepakia mzigo?"

Nikatazama kioo cha pembeni. Landrova inafuata. Usukani unazunguka wenyewe. Hilo ni kawaida, magurudumu huuzungusha. Nilijiambia hivyo mara tatu.

Mbele ya Nyamongo tukaikaribia njia ya kushoto, inayopanda kwenye makazi ya zamani ya mzee.

Indiketa ya mbele ya Landrova ikawaka. Ya kushoto.

Betri ilikuwa miguuni pangu.

"Simamisha," Nashoni akanong'ona.

Mlango wangu uligoma kufunguka, kana kwamba mtu ameuegemea. Nikashukia upande wa dereva.

Ndani ya Landrova hapakuwa na mtu. Taa inawaka. Inazimika. Inawaka.

Nashoni akavua kofia. "Shikamoo, tata. Nimechelewa."

Ikazimika.

Mlango wa abiria wa Landrova ulikuwa wazi. Vumbini kulikuwa na nyayo za katambuga, zile kandambili za tairi, zikipanda hadi kwenye zizi lililobomoka, penye makaburi. Za kurudi hazikuwepo.

Lakini hazikwenda moja kwa moja. Kwanza zilikuwa zimekuja mbele, hadi chini ya dirisha langu. Zilisimama pale, mbili, ncha zikinielekea, kama za mtu aliyekuja kujibu swali.