Mita Mbili na Sentimita Kumi

Kitambaa kilichopigwa pasi na kutandazwa mezani hakina sababu ya kuwa na bonde. Kanyange, fundi wa nguo za maharusi wa Kagarama, alikinyoosha kwa kiganja, akaenda kula. Aliporudi saa nane, mvua ikianza kugonga paa, bonde lilikuwa palepale: bega, nyonga, kisigino. Mtu aliyelala ubavu, kajibana ukutani, kaacha nafasi ya mwingine.

Meza yenyewe, ndani ya gari-nyumba alilolifanya karakana, zamani ilikuwa kitanda. Mumewe, Rutayisire, alinunua gari-nyumba hilo kuukuu kwa mgeni mmoja wa Kiyovu aliyekuwa anahama, ili akistaafu wazunguke nalo nchi nzima wawili. Alikufa kabla halijatoka getini. Miaka miwili Kanyange alitazama kitanda ambacho hawakukilalia, kisha akaita seremala: godoro nje, ubao wa kukatia nguo juu ya fremu, kabati la miguuni liwe rafu ya nyuzi. Kazi ilitoka safi. Ila kutwa nzima hakusikia pumzi nyingine zaidi ya yake.

Sasa aliisikia. Ilivutwa polepole, upande wa ukuta, ikiwa na harufu ya udi uliozimwa kwa maji.

Alimwita wifi yake, Connie, mlokole aliyekulia Kampala. Connie alichungulia tu, mguu mmoja nje.

"Wifi, huyu ni kaka yangu," alinong'ona. "Amekuja kulala kwa gari yake. Haleluya."

"Kaka yako alikuwa anakoroma. Huyu hakoromi."

"Mbinguni watu iko wanapona, wifi."

Kanyange hakupenda kudanganywa, hata kwa faraja. Alivua futi yake shingoni, akapima bonde toka utosini hadi kisiginoni. Marehemu alikuwa mita moja na sitini na nane, ingawa siku ya kupimwa suti ya harusi aliapa ni sabini na tano. Hili lilikuwa mita mbili na sentimita kumi. Mkono ulipita goti.

"Kaka yako alidanganya urefu wake," alisema kwa sauti ya chini, "lakini si kiasi hiki."

"Yewe!" Connie alianza kukemea kwa jina la Yesu, akirudi kinyumenyume mpaka getini.

Basi akaitwa mwalimu mmoja wa madrasa wa Biryogo, mzee asiye na mbwembwe. Alinusa, akatikisa kichwa.

"Ni jini. Wenye gari wa kwanza walilala naye bila kujua. Wewe umemvunjia kitanda. Nitamtoa, mama, lakini asipate kwako kitu cha kwake. Si jina, si shuka, si kikombe. Mwenye chake mahali, hapo ni kwake."

Akasoma dua. Pumzi ile ikaenda mbio, harufu ya udi ikajaa hadi macho yakawasha, nyuzi zikadondoka rafuni moja baada ya moja na kubingirika zote kuelekea mlangoni, na kitambaa kikajiinua taratibu, bega kwanza, kisha nyonga, kisha ule mkono usiokwisha, mpaka gari zima likainama upande mmoja kama linavyoinama mtu mzito akishuka, halafu likarudi juu, likatulia.

Kitambaa kikabaki bapa.

Kilibaki bapa wiki tatu. Maharusi walikuja kupimwa na mashangazi zao, wakacheka, wakaondoka. Connie alipiga simu Jumapili, akamwombea, akakata. Kila ilipofika saa nane Kanyange alijikuta ananyoosha kitambaa kisicho na mkunjo, akitega sikio.

Alhamisi alichukua pamba nyeupe, akaikata bila futi. Kipimo kilikuwa mikononi. Shati la kulalia, mita mbili na kumi, mikono ya kupita goti, vifungo sita mbele na kimoja kwenye kila mkono. Alilitandaza upande wa ukuta, akakaa kwenye kigoda na kuligeuzia mgongo, asionekane anangoja. Naye alikuwa na uongo wake.

Mvua ikaanza. Gari likainama.

Nyuma yake vifungo vikafungwa, kimoja, kingine, hadi sita, kisha cha mkono mmoja.

"Linabana?" aliuliza bila kugeuka.

Mkono mrefu mweupe wa shati ukapita juu ya bega lake, ukatulia mapajani mwake, kifungo cha mwisho kikiwa wazi, ukingoja.

Akakifunga.