Transfoma ya Mzee Benedikto

Jumatatu moja ya Juni 1976, karakana ya ushirika wa mafundi, Mtoni, ilifunguliwa ikitoa harufu ya moshi. Mezani ilikuwapo treni ndogo ya maonyesho ya Saba Saba, na kando yake transfoma kuukuu, imeungua haitamaniki.

Sajini Kamugisha alipofika, mafundi walikuwa wakilisukuma lori la ushirika lililogoma kuwaka. Mwenyekiti Mwinjuma alimpokea mlangoni, kavaa sare ya kaki ya kila Jumatatu, mkono mmoja umeganda juu ya paja.

"Hii hujuma, Afande! Mhujumu mwenyewe yule pale."

Alimwonyesha Atuganile, fundi redio. Transfoma ilikuwa ya Mzee Benedikto, aliyeitunza tangu enzi za mkoloni. Kazi ya transfoma kuupunguza umeme wa nguzoni uifae treni. Atuganile alikuwa ameongeza kisanduku cha transista cha kuongoza mwendo, treni iondoke na kusimama taratibu.

"Kisanduku chake ndicho kimeunguza," Mwinjuma alisema. "Aombe radhi mbele ya wanachama, kisha afukuzwe. Akikataa, kortini."

"Siombi!" Atuganile alifoka. "Nifungeni! Kosa si langu, radhi ya nini?"

Haya, mtu anatishwa jela na bado anapandisha sauti! Kamugisha alimpenda papo hapo, ila hakuonyesha.

"Ufunguo wanao nani?"

"Mie, Mzee Benedikto na Mwenyekiti."

Kamugisha akamgeukia mzee. "Shikamoo, Mzee. Nasikia hicho kisanduku hukukipenda."

"Marahaba. Sikukipenda kabisa! Jumamosi nilimwambia mbele za watu, dude lako litatuunguzia."

"Kwa hiyo ukaunguza wewe, asingiziwe yeye?"

"Transfoma yangu?" Mzee aling'aka. "Nimeitunza kuliko meno yangu! Jumamosi jioni tuliiendesha pamoja, ikaenda vizuri. Tukafunga."

Kamugisha akaenda mezani. Kisanduku kilikuwa rafuni, kizima, nyaya zake zimefunguliwa. Kitambaa cha meza kilikuwa na vidoa vidogo, vikimeguka na kuacha vitundu kila alipovigusa. Akabonyeza swichi ya taa. Haikuwaka.

"Umeme umekatika lini?"

"Juzi jioni, tukifunga mlango," Mzee alijibu. "Mtoni nzima. Haujarudi mpaka sasa."

"Wewe binti, jana ulikuwa wapi?"

"Kinondoni kwa dada, kutwa nzima. Muulizeni."

"Sina haja." Kamugisha alivuta kigoda, akaketi. "Jumamosi jioni transfoma nzima. Jana na leo umeme hakuna. Imeunguzwa na nini? Na kisanduku kilichofunguliwa nyaya kinaunguzaje? Mwenyekiti, ondoa mkono hapo pajani."

"Afande, mie..."

"Ondoa!"

Suruali ilikuwa na vitundu vilevile.

"Maji ya betri," Kamugisha alisema. "Nguo ikimwagikiwa inaonekana nzima. Ukiifua tu, inatoboka. Jana umeifua kwa ajili ya sare ya leo. Betri ya lori uliiunga moja kwa moja kwenye transfoma, ikaungua. Ukairudisha imekwisha nguvu, ndiyo maana lori linasukumwa. Kwa nini?"

Mwinjuma akakaa sakafuni.

"Wakwe, Afande. Walikuja jana kutoka Manzese kuniangalia kabla ya kupokea posa. Nilishawaambia treni nimeitengeneza mie. Wamefika, umeme hakuna! Kile kisanduku sikijui, nikakitoa. Ningefanyaje?"

"Ukaona bora mie nifungwe?" Atuganile aliuliza. Alikuwa na uchungu, na hakuuficha.

"Dada yangu, tuyamalize kimyakimya. Nitasema ni ajali."

"Thubutu! Utasema mbele ya wanachama, walewale uliotaka niwapigie magoti."

Nje lori liliwaka, watu wakashangilia. Atuganile akatoka, akarudi amebeba betri ya lori, iliyobaki na nguvu ya kutosha treni ndogo tu. Akakishusha kisanduku, akaunga betri upande mmoja, reli upande wa pili.

"Transfoma ni ya umeme wa nguzoni," alisema. "Kisanduku changu betri kinaipokea. Ungeuliza tu, Mwenyekiti."

Akazungusha kitufe. Treni iliondoka taratibu, ikaizunguka meza nzima. Mzee Benedikto alifuta macho, akacheka. "Dude lako hilo, mwanangu!"

Kamugisha alimshika Mwinjuma mkono aende naye kituoni. Atuganile hakuinua macho kutoka kwenye reli.

"Afande, mpitishe Manzese kwanza," alisema. "Akawaambie wakwe zake treni ni ya nani."