Kiegemeo cha Aliko

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima vya Ngana Angetile alipofika Bujonde, kwa Ezekia seremala, kutafuta kiegemeo cha kuwekea karatasi za nota. Karatasi zenyewe alikuwa nazo kifuani, zimefungwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto ili mvua isizifikie. Zilikuwa nne. Zilikuwa na wimbo mpya wa gwaride, ambao hakuna mtu aliyewahi kuupiga upande huu wa ziwa.

Baada ya siku tatu ingekuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari, na mzungu wa boma la Mwaya alikuwa amesema neno moja tu.

Wanaosoma nota watapiga. Wasiosoma watabeba.

Kila mtu alijua maana ya kubeba. Vita ilikuwa na miezi mitano sasa. Waliochukuliwa mwezi wa tisa kuwabebea askari mizigo ng'ambo ya Songwe, waliorudi walihesabika kwa vidole.

"Ugonile, mwana wa tarumbeta," Ezekia alimsalimu bila kuinua uso kutoka kwenye randa yake.

"Ndaga, tata. Kazi zinakwendaje?"

"Kazi gani? Siku hizi hakuna anayeagiza kitanda. Wanaume wote wanalala kwenye matete, wasikamatwe." Akacheka peke yake. "Unataka nini?"

"Kitu cha kushika karatasi. Chepesi, maana natembea nacho. Kisitikisike. Na kikunjike."

Ezekia alifuta mikono, akamtolea cha kwanza. Miguu mitatu ya chuma, ya chombo cha mpima ardhi mmoja aliyekufa kwa homa. Angetile alikiinua, kisha akakishusha taratibu.

"Nikifika Mwaya na hiki begani, wataniandika mpagazi hapo hapo."

Cha pili kilikuwa cha mianzi. Kilikuwa chepesi kama unyoya na kilikunjwa vizuri kabisa. Ezekia alikisimamisha, akakipulizia kwa kinywa. Kikayumba.

"Upepo wa ziwa ukianza," alisema, "karatasi zako utazifuata kwa Waingereza."

Ndipo Angetile alipokiona cha tatu.

Kilikuwa kimeegemea ukuta, kwenye kona isiyofikiwa na mwanga. Mti mweusi, laini. Miguu mitatu ya kukunja, iliyoshikwa kwa vigingi vya mti huo huo. Juu yake mikono miwili imenyooshwa mbele, kama ya mtu anayepokea mtoto. Alikifungua. Akaweka karatasi moja. Hakukirefusha, hakukifupisha. Nota zilikaa mbele ya macho yake sawasawa.

Sawasawa kabisa.

"Hicho..." Ezekia alianza. Akashika randa, akaiacha. "Hicho uliza kwanza."

"Niulize nini? Kinanifaa."

"Uliza, Angetile."

Huku kwetu mtu haingizi mti mgeni nyumbani kwake kabla hajauliza ulikosimama. Iko miti ya makaburini, iko miti ya wakubwa waliolala. Mtoto wa miaka saba analijua hilo. Lakini giza lilikuwa linaingia, wimbo ulikuwa mgumu, na Angetile alikuwa mtu wa misheni aliyejifunza kuona haya kwa maswali kama hayo. Alikikunja, akakitia kwapani, akaondoka.

Nyuma yake randa haikulia tena.

Njia ya kurudi ilipita kati ya migomba, na matone yalikuwa bado yanadondoka kwenye majani. Alitembea haraka. Kiegemeo kilikuwa chepesi mno, kana kwamba kuna mtu ameshika upande wa pili. Kisha akasikia...

Fyuu... fyuu...

Akasimama. Sauti ikakoma.

Aliijua. Ni pumzi inayopita penye pengo la meno.

Aliko na Angetile walizaliwa msimu mmoja. Walipofikia umri wa kuchunga walitoka kwa baba zao pamoja na wavulana wa rika lao, wakajenga kijiji chao wenyewe, kama desturi ilivyo. Walilala kibanda kimoja. Walikula chungu kimoja. Tarumbeta ya misheni walijifunza pamoja, na Aliko ndiye aliyekuwa bora. Hilo halikuwa na ubishi. Kisha ng'ombe akampiga teke, meno manne ya mbele yakaenda, na tarumbeta ikaenda nayo. Tangu hapo Aliko alisimama mbele ya Angetile, kwenye kila harusi na kila ibada, amenyoosha mikono, ameshika karatasi. Aligeuza ukurasa kwa wakati wake, bila kuutazama. Karatasi zilimpa mgongo, lakini wimbo ulikuwa ndani yake.

Mwezi wa tisa mzungu alipita kwenye mstari wao na fimbo yake. Kwa kila mtu aliuliza, huyu kazi yake nini. Alipofika kwa Aliko alimtazama Angetile amjibie.

Angeweza kusema, huyu ni mpigaji mwenzangu. Maneno manne tu.

Lakini fimbo ilikuwa karibu, na hofu ilikuwa karibu zaidi.

"Anashika karatasi tu, bwana," alisema. "Hata mti unaweza."

Askari walimfunga Aliko kamba. Alimtazama rafiki yake, akatabasamu na pengo lake.

"Basi katafute mti," alisema.

Nyumbani, Angetile alikifungua kiegemeo karibu na moto, akapanga karatasi zote nne, akainua tarumbeta. Kwenye paa mvua ilikuwa nyembamba. Mlango ulikuwa umefungwa. Alipiga mistari miwili ya kwanza vizuri. Wa tatu vizuri. Akakaribia mwisho wa ukurasa, akajiandaa kutoa mkono...

Ukurasa ukageuka.

Kwa wakati wake.

Harufu ikaja. Jasho la bega. Kamba mbichi. Baridi ikamshika shingoni, ikashuka kifuani taratibu kama maji kwenye shati. Alivuta pumzi apige. Pumzi iliingia. Ilipotoka haikufika kwenye shaba; ilitolewa mdomoni mwake, kama mtu anavyonyang'anywa kibuyu cha maji.

Fyuu... fyuu...

Haikutoka kwake. Ilitoka mbele yake. Pale ambapo kifua kingekuwa, kama kungekuwako mtu.

Hakukigusa hadi alfajiri. Kulipokucha alikikunja, akakirudisha Bujonde karibu akikimbia.

"Umekuja kuuliza sasa," Ezekia alisema. Alikuwa ameketi mlangoni kama aliyemtazamia. "Mti huo aliuleta mama yake Aliko. Ni mpiko wake, mti wa kubebea mzigo begani. Mmoja wa waliorudi alimletea. Hakuwa na kingine cha kumletea, wala mwili, wala nguo. Tazama hapa." Aliweka kidole penye doa jeusi, penye kuchimbika kidogo. "Hilo ni bega lake. Sikulipiga randa. Alinikataza."

"Alisema uufanye nini?"

"Alisema, tengeneza kile alichosema Angetile."

"Na wewe ukaniacha nikichukue?"

"Nilikuambia uliza. Mara mbili."

Nyumba ya Naomi, mama yake Aliko, haikuwa mbali. Angetile alikwenda nacho kwapani, akamkuta anamenya ndizi. Hakuacha kumenya. Nyuma ya nyumba walikuwa wameketi wanaume watatu wa rika lake Angetile, wale waliotoka kwenye matete kuja kula. Walikuwa wananong'ona. Walipomwona waligeuka kumtazama.

Watu wa huku wanaijua pumzi ya watu. Mtu akiwakosea wenzake hawamshtaki. Hunong'ona tu jioni kwenye moto, na pumzi zao humfikia alipo, zikawa baridi, zikawa kikohozi, zikawa mwisho.

"Juba, mama," Angetile alisema kwa unyenyekevu, kama alivyomwita tangu utoto, "mnanifanya nini?"

"Mimi? Nimesema nini mimi? Ninamenya ndizi."

"Pumzi yangu haitoki."

Naomi aliweka kisu chini. "Ya mwanangu nayo haitoki." Kisha, kwa sauti ya chini: "Wenzako hawa hapa. Waambie kwa kinywa chako neno ulilomwambia mzungu. Tutasema na sisi yaliyo rohoni, tutapuliza maji chini, yaishe. Ni hilo tu. Nami nitakichoma hicho kitu kwa mkono wangu."

Wale watatu walikuwa wanamtazama. Mmoja wao aliwahi kulala pamoja naye na Aliko kwenye kile kibanda, mguu juu ya mguu, miaka mitano.

Angetile alifungua kinywa.

"Nililazimishwa," alisema.

Naomi alichukua kisu chake, akaendelea kumenya.

Siku ya sikukuu ilikuwa na jua kali na upepo wa ziwa. Watu walipangwa mbele ya boma la Mwaya, wapiga tarumbeta sita upande mmoja, kundi la waliofungwa kamba upande wa pili, na mizigo katikati. Kiegemeo alikuwa nacho bado. Ule wimbo hakuujua kwa moyo, na hakukuwa na mtu kijijini aliyekubali kumshikia karatasi. Asubuhi hiyo alikuwa amepiga sauti tatu nzuri kando ya maji, akajiambia yamekwisha.

Fimbo ilishuka. Wimbo ukaanza.

Karatasi za wengine zilipeperuka, wakazikimbilia. Zake hazikutikisika. Alivuta pumzi. Akapuliza.

Hakuna.

Akapuliza tena, mishipa ya shingo imesimama, machozi yanamtoka. Baridi ilikuwa imemjaa hadi kwenye ulimi, katikati ya jua lile. Mbele yake ukurasa wa kwanza uligeuka, taratibu, kwa wakati wake. Karibu naye Hezroni, mpigaji wa mwisho kujifunza, ambaye karatasi zake zilikuwa zinaelea ziwani, alichungulia juu ya bega lake, akausoma wimbo pale, akaupiga. Aliupiga vizuri. Hakuwahi kuupiga vizuri hivyo.

Mzungu alitembea mbele ya mstari. Akasimama.

"Na huyu, kazi yake nini?"

Angetile alitaka kujibu. Kilichotoka ni upepo.

Fyuu.

Mzungu akamgeukia Hezroni. Hezroni aliitazama fimbo. Alikuwa na mke, na mke alikuwa mja mzito. Akatazama chini.

"Huyu... anashika karatasi, bwana."

Walimfunga kamba pale pale. Mpiko ulipowekwa begani mwake alikuta bega limeshalainika, kama lilikuwa likiungojea. Aligeuka mara moja tu. Aliona Hezroni anakivuta kiegemeo karibu yake, anakipima kwa macho, na kiegemeo kilikuwa sawasawa naye, ingawa Hezroni ni mfupi kuliko Angetile kwa shibiri nzima.

Angetile hakurudi. Naomi humenya ndizi. Kiegemeo kiko Busale, kwa Hezroni, naye hukisifu kwa kila mtu kwamba hakitikisiki kwa upepo wowote. Ila mkewe hataki tena kilale ndani. Anasema jioni, mvua ikikatika na nyumba ikitulia, kitu hicho kinapumua.

Mwanzoni zilikuwa pumzi za mtu mmoja, anasema. Sasa ni za wawili, na hazipatani.

Hezroni hajauliza mti ule ulitoka wapi.