Nilimsingizia Binti Yangu Mbele ya Fundi Wake

Nina miaka thelathini na tisa, nauza leso ufuoni Diani. Kazi yangu ni mdomo. Mteja akitaja bei nacheka, akiongeza nalia... na leso nazihesabu mara mbili, anapokuja na anapoondoka. Hata hivyo, niliyemtupa kwa hasara ni mwanangu wa kumzaa.

Mume wangu aliponiacha nilitoka Matuga na binti yangu Mishi, wa miaka kumi, na mifuko minne. Shoga yangu Mwanakombo wa Msambweni alitupa chumba nyumbani kwa baba yake, wala hakuuliza tutakaa mpaka lini. Baba yake ni fundi wa zumari. Yeye na wapiga ngoma wake ndio wanaoitwa penye harusi.

Mishi, ambaye tangu talaka alikuwa haongei, akawa anashinda mlangoni kwa Fundi akisikiliza. Watu walinong'ona kwamba zumari si ya mtoto wa kike. Fundi akawajibu kuwa pumzi haina mume wala mke.

Miezi mitatu hakumgusisha zumari! Alimpa mrija na glasi ya maji, apulize povu lisikatike huku akivuta pumzi puani. Nilidhani uzee umeanza kumchanganya mzee... Lakini siku povu lilipodumu dakika nzima, Mishi alicheka. Mwaka mzima nilikuwa sijamsikia akicheka. Ndipo Fundi akamkabidhi zumari, akawa anamfunza kila jioni.

Sharti la Fundi lilikuwa moja. Mwanafunzi hapigi mbele za watu mpaka afungwe kilemba na fundi wake, ishara kwamba amehitimu. Akivunja, hafunzwi tena. Mishi alilishika kama swala. Na mimi? Mimi nilizoea kwamba kila neno lina punguzo.

Fundi alikwenda matangani Ramisi. Siku ya pili, meneja wa hoteli moja akaniambia mpiga zumari wao hakufika na wageni wanangoja burudani ya alasiri. Nikasema ninaye. Mishi alikataa. Nikamtazama machoni, nikamwambia Fundi amepiga simu, ameruhusu.

Aliniamini... Angeachaje kuniamini, mimi mama yake?

Alipiga hadi wageni wakasimama. Habari zilifika Msambweni kabla yetu.

Fundi aliporudi alituita uani, mbele ya Mwanakombo na wapiga ngoma wote. Hakupandisha sauti. Akamuuliza, "Nani alikupa idhini, mjukuu wangu?"

Mishi akanitazama mimi. Nikapiga hesabu haraka: nikikiri, naaibika, na chumba nakikosa. Nikasema, "Aliniambia umemruhusu, baba. Watoto wa siku hizi, uongo ndio uji wao."

Angesema neno moja tu! Hakusema. Alimrudishia Fundi zumari kwa mikono miwili, akaingia ndani.

Usiku... hapana, hata usiku haukufika. Magharibi Mwanakombo alinifuata jikoni. "Mishi hajanidanganya hata kuhusu chumvi," akasema. "Wewe ushanidanganya mangapi, shoga?" Tangu hapo salamu yetu ikawa ya wapangaji.

Hakuna aliyenifukuza. Mishi ndiye aliyeomba kupelekwa kwa baba yake Matuga, na aibu ikanitoa mimi baadaye.

Ilinichukua miezi tisa kurudi kwa Fundi. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yote. Akasema, "Nilijua siku ileile. Nilikuwa nakungoja wewe. Mlete mtoto."

Nilifika Matuga nikihema. Mishi amerefuka, alikuwa akikuna nazi. Nikamwomba radhi, nikamwambia Fundi anamwita, nimeshamwambia ukweli.

Akaniuliza, "Ulimwambia mbele ya wale wapiga ngoma?"

Nilikuwa nimechagua siku ambayo mzee yuko peke yake. Hata toba yangu niliipunguza bei!

"Nimekusamehe, mama," akasema. "Lakini pale uani bado mimi ni mwongo."

Enyi wazazi wenzangu, mtoto akikunyamazia kosa lako, usidhani amesahau. Anakusitiri, na hiyo ni kazi yako wewe kwake! Nawasihi, msimvue mtoto nguo hadharani kisha mkamwomba radhi pembeni, kama nilivyofanya.

Wapiga ngoma wale ni saba. Mmoja amehamia Kwale, mjini. Ijumaa naanza na yeye, nimwambie kwamba mwongo wa pale uani ni mimi.