Somo la Kunyamaza la Mwalimu Phanice

Asubuhi kule Manga, ukungu hupanda kutoka bondeni na kuyameza mashamba ya chai. Mwalimu Phanice aliupenda sana ukungu huo. Akipita ndani yake kwenda shuleni, aliota watoto wake wa gredi ya tano wakiimba, na mlima mzima umetulia kuwasikiliza.

Lakini ndoto ni ndoto. Darasani watoto walinong'ona tu. Phanice akipaza sauti ili wamfuate, wao walizidi kufifia. Huu ulikuwa muhula wake wa kwanza kazini, na tayari koo lilikuwa limemkauka. Kisha Bwana Nyakundi, mwalimu mkuu, akamwambia jambo lililomnyima usingizi. Watoto wasipoimba vizuri siku ya wazazi, kipindi cha muziki kitapewa hisabati.

Alimweleza mumewe, Haron. Haron akamshauri amwendee Mwalimu Drusilla, aliyefundisha muziki shule ya jirani kwa miaka ishirini na sita. Phanice akakataa. Watu si watasema amesoma bure?

"Mficha uchi hazai," Haron alisema, akimmiminia chai. "Nenda."

Basi akaenda, aibu imemjaa. Drusilla hakumcheka. Alimwambia kwamba hata yeye mwaka wake wa kwanza alikuwa akijificha nyuma ya ofisi na kulia. Jumatano Drusilla akaja darasani kwa Phanice, akaketi kwenye dawati la nyuma kabisa. Hakuandika kitu, wala hakumkosoa mbele ya watoto. Kipindi kilipoisha, wakakaa wawili nje kwenye nyasi, ukungu ukiwapita polepole.

"Unaimba vizuri, mwanangu," Drusilla alisema. "Shida ni kwamba unaimba nao mwanzo hadi mwisho. Waimbie mstari mmoja, halafu unyamaze, uwaachie. Mwalimu anayeimba hawezi kusikia. Wiki hii turekebishe hilo tu. Mengine yatangoja."

Loo, kunyamaza kulimshinda! Mdomo ulijifungua wenyewe. Drusilla alirudi kila Jumatano bila kuchoka, na siku nyingine Phanice alienda kuketi katika darasa la Drusilla, akatazama tu. Mpaka asubuhi moja akaimba mstari wake, akauma midomo. Kimya. Phanice aliogopa. Kisha msichana mmoja akaanza kuimba, akafuatwa na mwenzake, hata darasa lote. Sauti zilitoka dirishani zikapotelea ukunguni, na wachuma chai wakasimama na vikapu mgongoni.

Siku ya wazazi waliimba. Mstari wa tatu waliteleza kidogo, wakajirekebisha wenyewe. Bwana Nyakundi aliwaomba warudie, na habari ya hisabati ikaishia hapo. Kipindi cha muziki kilibaki.

Phanice akamgeukia Drusilla, machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu," alisema, "nilikuwa nao kila siku, na sikuwa nimewahi kuwasikia."